Kwa Nini Gari la Uani Bado Halijaisha

Wanangu, pamoja na ninyi wazazi mnaowasomea gazeti hili mezani,

Swali mnaloniuliza kuliko maswali yote ya sarufi ni hili: Mwalimu, lile gari litakwisha lini? Mwaka juzi niliwajibu "karibu." Mwaka jana nikawajibu "karibu sana." Safari hii nimepewa ukurasa mzima, kwa hiyo nitawajibu kwa urefu, na asiye na hamu ya magari avumilie kidogo, humu ndani mna mambo mengine pia.

Kwa wale ambao hamjafika kwetu: nyumba yetu iko Jeppestown, mashariki ya katikati ya Johannesburg, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Jeppe. Ni mtaa wa zamani, karibu umri mmoja na jiji lenyewe, lililoanza mwaka 1886 dhahabu ilipopatikana. Uani kuna banda la mabati, na bandani kuna Datsun 240Z ya mwaka 1972. Ina milango miwili, viti viwili, na boneti ndefu kama pua ya papa. Kule Japani iliitwa Fairlady Z. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, na juu yake kabureta mbili ambazo nitazisema baadaye kwa sababu zina vituko vyake.

Kwa nini gari hili na si jingine? Mimi nilizaliwa Voi. Baba alikuwa fundi wa magari kando ya barabara ya Mombasa, na kwetu Pasaka ilikuwa na mambo mawili: kanisa na Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, zikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya aina zinazouzwa madukani, yakaimarishwa chini na mbele, kisha yakakimbizwa kilomita zaidi ya elfu kadhaa katika barabara ambazo hazikufungwa. Ng'ombe, punda, malori na mabasi vyote viliendelea na safari zao. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7 tu. Mengine yote yalibaki matopeni, mitaroni, au kwenye gereji za watu kama baba yangu.

Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa Taita uligeuka sabuni. Kiangazi kikiwa kikali, vumbi lilikuwa zito hata tukalijua gari kwa sauti kabla ya kuliona. Baba alinifundisha kusikiliza. Peugeot ilikuwa inakohoa, Volvo ilinguruma, na Datsun ya silinda sita ililia kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Nilikuwa na miaka saba. Sauti ile sikuisahau.

Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishika nafasi ya kwanza, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Nyuma yao akaja kijana mmoja katika gari la aina hiyohiyo, Shekhar Mehta. Huyu Mehta ndiye ninayetaka mmjue. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Mwaka 1972 Idi Amin akatoa amri Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa pale, ambao hawakuwa na kwao kwingine, wakafunga mizigo. Mehta akawa Kenya. Pasaka ya mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari katika 240Z akiwa na Lofty Drews kando yake. Ushindi wenyewe ulikuwa wa ajabu: yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun nyingine, walilingana pointi. Ikabidi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kupoteza pointi hata moja, ndipo Mehta akapewa kombe. Baadaye alishinda tena miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mara tano kwa jumla.

Baba alikata picha ya Mehta gazetini, akaibandika juu ya benchi la kazi, pale alipotundika spana. Ilikaa mpaka ikawa na rangi ya chai.

Basi mwaka 2016 niliposikia kwamba kuna mzee kusini mwa jiji ana 240Z na anataka nafasi yake, nilikwenda. Nilikuta anafugia kuku ndani. Kiti cha abiria kilikuwa na mayai matatu. Nililipa bei ya pikipiki kuukuu, tukawahamisha kuku kwa heshima, na gari likaja Jeppestown juu ya lori.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wanafikiri kufufua gari la zamani ni kupiga rangi. Rangi ni ya mwisho. Adui wa kwanza ni kutu, na kutu ni kama mchwa: unachokiona nje ni mlango tu, wenyeji wako ndani. Sisi wa Johannesburg tuna bahati, hewa ya huku ni kavu, hasa majira ya baridi. Gari lililokaa Mombasa au Durban huliwa na chumvi ya bahari. Hata hivyo 240Z inaoza popote. Inaoza chini ya betri, ambako asidi hudondoka. Inaoza sakafuni, ambako maji ya mvua hujificha chini ya zulia. Inaoza kwenye zile mihimili miwili iliyopita chini ya sakafu, na hapo ndipo pa hatari, kwa maana gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Mifupa ikioza, boneti inaweza kung'aa kama kioo na bado gari likavunjika katikati likigonga kitu.

Namna ya kupima ni rahisi, na kila mtoto wa darasa langu ameshaifanya. Shika bisibisi kwa upande wa kichuma, gonga sakafu kwa mpini. Chuma kizima kinajibu. Kilichooza kinanyamaza. Pale palipo kimya, geuza bisibisi, sukuma kwa ncha. Ikizama, weka alama kwa chaki. Tulipomaliza siku ile ya kwanza, sakafu ilikuwa na chaki nyingi kuliko ubao wa darasani.

Hapo unakata mpaka ufike kwenye chuma safi. Usione huruma, ukiacha kipande kilichooza kwa sababu kimekaa vizuri, baada ya miaka miwili kitakuita tena. Bati la gari hili halifiki unene wa milimita moja, kwa hiyo kulichomelea kunahitaji subira. Ukichomelea mfululizo kama mtu anayeshona suruali, joto linalikunja na mlango hautafunga tena. Unaweka tone moja hapa, tone jingine kule mbali, unasubiri lipoe, unarudi. Mwaka 2022 na 2023, umeme ulipokuwa ukikatwa kila siku, ratiba ya mgao ndiyo iliyokuwa bosi wangu. Nilijifunza kuamka saa kumi alfajiri ili nichomelee kwa saa mbili. Majirani walinisamehe, sijui kwa nini.

Kabla ya kukata chochote unafungua kila kitu, na ukifungua bila kuandika umejitafutia maradhi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, ndiyo kwanza anaanza kusoma Kiswahili katika shule yetu, nikamfanya karani. Kila bolti na kila kibano kiliingia katika mfuko mdogo wa plastiki wenye karatasi. Mifuko imepita mia mbili. Iko inayosema "Bolti za mlango wa kulia, 6." Iko inayosema "Waya ya taa ya nyuma kushoto, USIVUTE." Iko pia inayosema "Kidude, kilikuwa karibu na usukani." Kidude hicho tulikijua kazi yake mwaka uliopita. Nawaambia wazazi ukweli wangu: hakuna zoezi la imla lililomsaidia yule mtoto kama mifuko ile, kwa sababu akikosea mwandiko, mimi ndiye niliyeshindwa kupata bolti.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya maneno, maana sitakuwa mwalimu wenu nikipita bila kuyagusa.

Usukani mnaoushika ndani ya gari ulikuwa baharini kabla ya kufika barabarani. Ni ule wa kuongozea jahazi. Msasa, ile karatasi ya kukwangua rangi, ni jina la mti wenye majani makavu yanayokwaruza. Mafundi seremala wa pwani walisugulia mbao kwa majani yake kabla karatasi haijaletwa. Bomba tulilipata kwa Wareno. Gari lilitoka India, kama alivyotoka babu yake Mehta. Kila mara ninapofungua boneti naiona Bahari ya Hindi yote.

Na hapa Jeppestown maneno yanapata ndugu zao. Jirani yangu akinipa mafuta ya injini huyaita amafutha. Mtu mjuzi wa kazi huku huitwa fundi, hata na wale wanaozungumza Kiingereza. Neno walilipata katika lugha za hapa, ambako ukufunda ni kujifunza. Sisi tuna kujifunza, mwanafunzi, na fundi. Shina ni moja. Lakini ndugu wengine hutuchanganya. Shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Voi. Siku ya pili, bibi jirani akachungulia juu ya ukuta, akaelekeza mkono bandani na kusema kwa furaha, "Imoto!" Shangazi alikwenda mbio na ndoo ya maji. Kwa Kizulu imoto ni gari. Gari lililowa, hakuna kilichoharibika, na mabibi hao wawili wakawa marafiki hadi shangazi aliporudi nyumbani.

Bibi huyo kila mtu mtaani humwita Gogo, ndiyo heshima yao kwa bibi. Msicheke, ninajua gogo kwetu ni nini.

Wazazi, sehemu inayofuata ni yenu zaidi, ila sitaki watoto waifiche macho. Baadhi yao walikuwapo.

Mapema Septemba 2019 maduka ya wageni yalivunjwa hapa Jeppestown na kwingineko jijini, na katika Jules Street, ile barabara ndefu iliyojaa wauza magari, magari yaliyopangwa kwa ajili ya kuuzwa yalichomwa moto. Tulinusa mpira unaoungua tukiwa jikoni. Wakati huo Datsun yetu ilikuwa bodi tupu juu ya magogo ya mbao. Haikuwa na magurudumu, injini ilikuwa sakafuni imefunikwa na turubai, na milango ilikuwa imeegemea ukuta wa chumba cha watoto.

Mke wangu alifunga mkoba mmoja: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha ya harusi, dawa ya pumu. Alipomaliza alisimama mlangoni akalitazama banda. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Baba Amani ya nyumba, kwa nini unajenga kitu usichoweza kuondoka nacho?" Hivyo ndivyo anavyoniita anapokuwa hana mzaha.

Jioni ile Gogo alitoka kwake na kiti cha plastiki na blanketi, akaketi mbele ya geti letu. Mjukuu wake akaketi chini kando yake. Hakuhutubia mtu. Vijana walipita, wakamwamkia, akawaitikia kwa majina yao, wakaendelea. Alikaa hadi usiku wa manane, na usiku wa pili akakaa tena. Nilimpelekea chai. Aliniambia chai yetu ina sukari nyingi mno.

Hatukuguswa. Wengine waliguswa, na wengine wao hawako tena Johannesburg, na viti vyao darasani mwetu vilibaki wazi muhula mzima.

Mwezi uliofuata alikuja mtu anayekusanya vipuri vya magari ya zamani. Alitaka vyote: kabureta, giaboksi, viti, vioo, hata bodi. Bei aliyotaja ingetosha nauli yetu sote hadi Nairobi na kubakisha kitu cha kuanzia. Tuliongea wiki nzima, usiku, watoto wakiwa wamelala. Hoja za mke wangu zilikuwa nzuri. Alisema fedha husafiri na chuma hakisafiri. Alisema nyumba ni ya kupanga. Alisema Mehta alikuwa na familia tajiri nyuma yake, sisi tuna duka la simu na mshahara mmoja. Yote kweli. Mimi nilikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa dhaifu: kwamba nikiuza, nitakuwa nimekubali kwamba hapa ni mahali pa kusubiria.

Siku ya saba alisema, "Haya. Ila liwekee magurudumu kwanza. Kitu chenye magurudumu hata watoto wanaweza kukisukuma."

Hapo ndipo jibu la swali lenu lilipo. Fundi yeyote atakwambia utaratibu: bodi kwanza, tena ikiwa juu ili uifikie chini na pande zote, kisha rangi, kisha injini, magurudumu ni ya mwisho mwisho. Sisi tulipindua utaratibu. Tuliacha kuchomelea sakafu tukaunda upya miguu: springi, mikono ya chini, beringi za magurudumu, usukani, breki. Ilituchukua mwaka mzima, kwa sababu mpira wa kila kiungo ulikuwa umekauka kama mkate wa juzi na vipuri vingine vilikuja kwa posta kutoka Japani. Tangu siku hiyo gari halijalala juu ya magogo zaidi ya siku mbili mfululizo. Nikitaka kuchomelea chini, nalinyanyua upande mmoja kwa jeki, naweka stendi, nafanya sehemu ndogo, nalishusha jioni. Kazi ambayo ingekwisha kwa miezi minne imechukua miaka mitatu. Mafundi wa Jules Street wakija hucheka. Mimi siwajibu. Geti letu lina upana wa kutosha, nilipima, na kamba ya kuvutia imetundikwa ukutani.

Kuhusu breki nitasema machache, kwa sababu ndugu wawili darasani wamenisikia wanajenga gari la mbao. Breki huja kabla ya injini. Gari lisilowaka halimwumizi mtu. Gari lisilosimama linaua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, kwa hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei, la sivyo maji yale huozesha mabomba kutoka ndani, mahali usipoweza kupaona. Na vumbi la breki za zamani usilipulize kamwe kwa mdomo wala kwa pampu. Breki za enzi hizo mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huharibu mapafu polepole. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa.

Sasa kabureta, raha yangu. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu kimo hichohicho. Huku juu shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na Mombasa. Injini haivuti petroli peke yake, inavuta petroli na hewa kwa kipimo. Hewa ikiwa nyepesi na petroli ikabaki ileile, chakula kinazidi pumzi: plagi zinakuwa nyeusi, moshi unakuwa mweusi, gari linakohoa. Chini ya kila kabureta kuna nati ndogo. Ukiipandisha, petroli hupungua. Fikirini basi mafundi wa Safari, gari likiwa Mombasa usawa wa bahari, na kesho yake likiwa kwenye milima baridi ya Kenya. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kote. Walichagua cha katikati, wakaomba Mungu.

Kwa sababu kabureta ni mbili, kila moja ikilisha silinda tatu, lazima zivute sawa. Ziko mashine za kupimia. Mimi natumia mpira mwembamba wa urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, injini ikiwa inaunguruma polepole. Unasikia mluzi. Hamia ya pili. Kama mluzi ni wa juu zaidi au wa chini zaidi, zungusha skrubu robo ya robo, rudi usikilize. Masikio yangu yamezeeka kwa sababu ya nyundo. Ya watoto ni bora, na binti yangu sasa husikia tofauti ambayo mimi naikana mpaka nione plagi.

Yeye ndiye aliyefanya pia mpangilio wa cheche kuwa wimbo wa kuruka kamba. Silinda za injini hii hazilipuki kwa kufuatana moja hadi sita, zingetikisa gari vibaya. Zinalipuka moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Nenda uwanjani wakati wa mapumziko utasikia: moja-tano-tatu, sita-mbili-nne! Wazazi wawili wameniandikia wakilalamika kwamba mtoto wao mdogo sasa anahesabu hivyo. Naomba radhi, lakini mtoto huyo ataweza kufunga waya za plagi kabla ya kujua kuendesha baiskeli.

Injini iliwaka Agosti 2024. Tulikuwa tumeseti vali kwa vipimo vya injini baridi, 0.20 ya kuingizia na 0.25 ya kutolea moshi, tumebadilisha gasketi zote, tumesafisha tangi lililokuwa na manyoya ya kuku, sijui yalifikaje. Iliguna mara mbili, ikanyamaza, ikaguna tena, ikashika. Mke wangu alitoka jikoni na mikono yenye unga. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema ule mlio anaujua, ni ule ninaougiza kwa mdomo kila Pasaka. Gogo alitokeza kichwa juu ya ukuta na kusema kwamba imoto ina njaa.

Kuhusu rangi, tunagombana nyumbani, na kwa kuwa nina ukurasa nitatoa upande wangu. Lile gari lililoshinda mwaka 1971 Nissan wamelihifadhi Zama, Japani. Ni jekundu, boneti nyeusi, ubavuni namba 11, na mabati yake bado yamebonyea kwa mawe ya Afrika Mashariki. Walioliweka pale walikuwa na uwezo wa kulinyoosha kila mahali. Naona walifanya vizuri kuacha. Gari letu lina bonde moja kwenye bawa la kushoto, ukubwa wa sahani, na sijui nani alilitia wala wapi. Mimi nataka libaki. Mke wangu anasema bonde la Herrmann ni historia na bonde letu ni bonde tu. Mshindi atatangazwa toleo lijalo, ingawa nadhani mnamjua.

Kilichobaki, basi, ni hiki: mabomba mawili ya breki za nyuma, waya za taa upande wa kulia, mpira wa kioo cha mbele ambao bado uko njiani, rangi, kisha kupelekwa kukaguliwa ili lipewe cheti cha kutembea barabarani. Kabla ya cheti hicho hakuna atakayepanda, hata akilia. Baada ya hapo, viti ni viwili na wanafunzi ni thelathini na mmoja, kwa hiyo mtapanda mmoja mmoja, kwa kufuata alfabeti, kuzunguka mtaa mara moja. Wale ambao majina yao yanaanza na Z, nyamazeni, nimewasikia, tutaanzia kwenu.

Jumamosi ijayo baada ya darasa nitapatanisha kabureta. Nahitaji wasikilizaji wanne wenye umri wa miaka tisa kwenda juu, wenye barua ya mzazi. Waje na nguo kuukuu, viatu vilivyofunikwa mbele, na wenye nywele ndefu wazifunge, maana feni ya injini haina adabu. Na kama yuko mzazi mwenye mpira wa maji usiotumika, mwembamba, hata uwe umepasuka mwisho, naomba nipatiwe kipande cha urefu wa mkono. Wa kwangu mbwa wa Gogo ameutafuna.